Pompe Yenye Haiko

"Sukari ni sukari!" Tshiamala alipiga kelele, buti moja mu muguu, ingine mu mukono. "Ama kuko sukari ya bakubwa na sukari ya batoto? Docta aliniambia mi: Tata, uko na maladi ya sukari, meza hii. Darlène naye, docta alisema: eko na maladi ya sukari. Sasa mi nilikosa wapi? Unionyeshe!"

"Usinipigie makelele, bantu banasikia!"

"Basikie!"

"Basikie nini? Kama unaua mutoto yako na bidonge byako?" Mushiya, bibi yake, alikuwa amesimama pa mulango ya chumba, beseni ya matapishi mu mikono. "Siku tano! Siku tano unamumezesha, siku tano anakauka kama samaki ya munyu. Tangu jana mangaribi anatapika. Sasa anatapika mayi tupu. Na weye uko unavaa buti."

"Na nani alikuwa anabivunja nusu-nusu? Ni mi? Ni weye njo ulikuwa unabikoroga mu chai na kijiko!"

Ile ilimuingia Mushiya kama musumari. Aliweka beseni chini, na mayi ya ndani ikapiga pembeni, chwa, chwa.

Darlène alikuwa na myaka kumi na moja. Myaka mbili mbele alianza kunywa mayi kama ngombe, kukojoa mu kitanda, kukonda mpaka nguo zinamuteleza. Ku opitali banasema: sukari. Bajirani ya parcelle balicheka, kicheko ya uchungu. Sukari? Mutoto ya kula bukari na majani ya sombe, baba yake anachunga pompe mu matope, sukari ameitoa wapi? Ile haiko maladi ya batajiri, ya badirekteri? Mais ilikuwa kweli. Balimuanzisha insulini, shindano ya kudunga asubui, shindano mangaribi, na mutoto akarudia kuwa mutoto, akaruka kamba, akatukana batoto ya jirani.

Insulini ilikuwa inatoka ku santre ya afya kila mwezi, bure, mu projet moja ya bazungu. Mushiya alikuwa anaichunga mu chungu ya udongo yenye muchanga ya mayi, ibaki baridi, juu kura ya umeme inakatikaka siku tatu, siku ine. Mwezi ya nane balikuta karatasi pa mulango ya santre: projet imeisha. Ni vile tu. Haina mutu mwenye alikuya kusema pole. Balinunua chupa moja, kiisha ingine. Kiisha dola ikapanda, na chupa ikapanda nyuma yake, na mushahara ya Tshiamala ilikuwa haiyatoka tangu miezi mbili.

Siku yenye insulini iliisha, Tshiamala alienda ku kazi na bon yake, karatasi ya matunzo. Ye mwenyewe eko na sukari, mwaka ya tatu sasa. Sosiete ya migodi, kwenye anatumika, inatunza mufanyakazi. Batoto ya mufanyakazi ya mukataba ya miezi tatu, haibajue. Balimupa paketi mbili ya bidonge. Aliingia ku nyumba akiimba. "Mama Darlène, Mungu amejibu! Maladi ni moja, dawa ni moja. Nitakula nusu, mutoto atakula nusu." Na balishukuru, bote babili, bamepiga magoti pa simenti.

"Munyamaze sasa."

Ni Jocelyne, mudogo ya Mushiya. Eko mwaka ya tatu mu masomo ya uinfirmye, kazi ya kuuguza bagonjwa. Alikuwa ametoka mutaa ya Dilala na moto, pikipiki ya kulipa, mbele jua itoke, juu dada yake alimulilia mu telefone. Alikuwa ndani na mutoto. Sasa alitoka, anafunga mulango nyuma yake.

"Shemeji, weye uko pompiste, si vile?"

"Unanijua. Unaniuliza juu ya nini?"

"Pompe ikichoka munafanya nini?"

"Tunaitia graisse, mafuta nzito. Tunabadilisha joint ya mupira. Inapiga tena."

"Bon. Mu mwili yako, pompe ya insulini iko, mais imechoka. Bidonge ni graisse yako. Darlène, pompe yake haiko. Ilikufa, imetoka, pamebaki nafasi wazi. Utatia graisse wapi, shemeji?"

Tshiamala aliketi pa simenti, buti mu mukono. Myaka kumi na ine anafanya kazi ya pompe, na mu myaka mbili ya maladi ya mutoto haina docta ata mumoja mwenye alimuelezea vile. Balikuwa banaandika tu, banapiga kashe pa karatasi, mwingine aingie.

Pale njo balisikia pumzi ya Darlène nyuma ya mulango. Pumzi nene, ya haraka, kama ya kreseri, muchimbaji ya madini, mwenye anapanda kutoka mu shimo na gunia pa mugongo.

"Na ile harufu," Jocelyne alisema. "Munaisikia? Kama mananasi yenye imeivisha sana?"

"Mama Ernestine ya kikundi ya maombi alisema ni malaika banapita," Mushiya alisema polepole.

"Haiko malaika, dada. Ni damu yake inageuka asidi."

Asidi, Tshiamala anaijua. Ku kazi banaitumiaka kuyeyusha mawe. Ikigusa buti, buti inaisha.

Aliingia mu chumba. Darlène alikuwa amelala upande, midomo imepasuka, macho imeingia ndani. Aliona baba yake, akanyoosha mukono mudogo, na mu kiganja mulikuwa nusu ya kidonge, imelowana.

"Papa, hii ilitoka na matapishi. Nimeze tena?"

"Hapana, mama. Tupa."

"Mi nilimeza yote, Papa. Sikutupa ata moja. Uulize Mama."

"Ninajua. Uko mutoto muzuri."

"Sasa juu ya nini siponi?"

Alimupa mayi, akashika kikombe mpaka akamaliza. Mutoto alikunywa kama mutu mwenye anazima moto.

Balipatana mbio-mbio, makelele imeisha sasa. Jocelyne na Mushiya bamubebe mutoto na moto mpaka ku opitali kubwa. Kule bataweka serumu, mayi ya mu mushipa. Mais insulini, Jocelyne alisema, haina; juzi alikuwa kule ku stage ya masomo, badocta banatuma bandugu ya bagonjwa ku farmasi. "Serumu peke itasaidia kidogo tu. Tafuta insulini, shemeji. Leo. Saa sita isipite."

"Nitaileta."

"Unasikia? Saa sita."

"Nimesema nitaileta!"

Mu nzila alipita ku farmasi mbili. Ya kwanza, frigo ilikuwa imezimika, muuzaji anajipepea na kartoni ya paracétamol. Ya pili, insulini ilikuwa. Bibi ya farmasi alitaja bei yake mu dola, anaangalia telefone. Tshiamala alilomba aache carte yake ya uchaguzi kama rehani, hata buti.

"Buti ya nani, Tata? Nitaivaa mi?" Aliinua macho, akaona uso yake, akapunguza sauti. "Samahani. Patron alikataza. Kila asubui kuko mutu hapa na carte yake mu mukono."

Basi ya bafanyakazi ilikuwa inapiga klaksoni. Alipanda. Mwezi ya kumi, joto, vumbi nyekundu inaingia pa madirisha yenye haifungi. Bafanyakazi bako bamebanana, helmeti pa magoti. Lukusa, ule mwenye anacheka kila mutu, alimuona tu, akaanza:

"Eh, mukubwa Tshiamala! Unachechemea kama bibi-arusi! Usiku ulipigwa?"

Bantu balicheka. Siku zingine angejibu. Anajua kutupa maneno kuliko Lukusa. Leo aliangalia inje tu.

"Mwache," mwingine alisema. "Eko na maladi ya batajiri. Damu yake tunaweza kuitia mu chai."

Balicheka tena. Ata ye alicheka kidogo, juu uso ya mutu inazoea. Mais muguu, haiko kitu ya kucheka. Mu mwezi ya saba, asubui ya baridi, alikuwa ameketi karibu na mbabula, jiko ya chuma, anaota makala, anapiga masolo na jirani. Ni Mushiya njo alisikia harufu ya nyama. Akakuya kuangalia: ni kidole ya muguu ya bwana yake inachomeka pa chuma, na ye anasema tu, hasikii kitu. Tangu ile siku kidonda haikuyafunga. Anaifunga na kitambaa, anavaa soksi mbili, anavaa buti juu. Kuonyesha ku infirmerie, hawezi. Mufanyakazi mwenye kidonda ya sukari banamuandika inapte, hafai kazi. Inapte maana yake ni kurudi ku nyumba, mukataba imeisha.

Ku infirmerie ya kazi, mwenye alikuwa pa meza ni Kabongo, infirmye, mutoto ya Kasai kama ye. Alimusalimia mu Tshiluba, akamupa kiti.

"Vieux, muzee yangu, bidonge biliisha? Nilikupa juzi tu."

"Ninataka insulini."

"Ya nani?"

Tshiamala alimuelezea yote. Bidonge, siku tano, mananasi, pompe. Kabongo alitoa miwani, akajipangusa macho.

"Aaa, vieux. Aaa. Juu ya nini hukuniuliza?"

"Niulize nini? Nilikuwa ninajua kama kuko kitu ya kuuliza?"

"Mi siwezi kuandika jina ya mutoto. Karatasi iko na matrikile, namba ya mufanyakazi peke. Bakikuta nimeandika jina ingine, banabamba mushahara yangu. Nilishafanya vile mara moja, kwa bibi ya Ngoyi, mufanyakazi mwenzako. Nililipa."

"Andika jina yangu."

"Weye uko ya bidonge. Docta atauliza: insulini juu ya nini?"

Tshiamala aliinama. Alivuta buti ya kuume. Soksi ya kwanza. Soksi ya pili ilikuwa imekamata. Aliivuta kwa nguvu, na haikumuuma. Harufu ilijaza ile chumba. Kabongo alisimama, kiti ikaanguka nyuma yake.

Kidole ya kwanza ilikuwa nyeusi. Ya pili, ilianza.

"Tangu lini?"

"Mwezi ya saba."

"Na unasimama mu matope masaa kumi na mbili? Na hii?"

"Hainiuma."

"Njo mubaya, vieux! Ingeuma, ungekuya!" Kabongo alimutoboa kidole ya mukono, akaweka damu mu kamashini. Mashini haikuandika namba. Iliandika herufi mbili tu, maana yake: imepita, mi siwezi kuhesabu. Aliita docta ku telefone, akasema mu Kifaransa, akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, docta. Akaweka telefone pa meza polepole.

"Anakubali. Insulini. Na uende ku opitali, bakate ile kidole mbele muguu yote iende." Alibamba bic ya kuandika, mais hakuandika. "Vieux, unisikie. Nikiandika insulini na kidonda, lazima niandike na inapte. Ni karatasi moja. Hakuna namna ya kuandika moja na kuacha ingine."

"Mutoto atapata chupa?"

"Kwa hii karatasi, ndiyo. Ni haki yako."

"Andika."

"Ufikiri kwanza. Batoto bengine bako bangapi?"

"Kabongo. Andika."

Kabongo aliandika. Alisafisha kidonda, akaifunga na bandi nyeupe, kubwa, mpaka buti haikuingia tena. Tshiamala alibeba ile buti mu mukono, akaenda na muguu moja ya buti na moja ya bandi, akapita katikati ya kiwanja, mpaka ku biro ya personnel, ya mambo ya bafanyakazi. Dawa yenye inachungwa mu baridi iko kule, juu ni kule peke frigo haizimiki; jenereta ya bakubwa inaitunza.

Pa mulango kulikuwa karatasi: FUNGA MULANGO, KLIMA INATUMIKA. Bantu tisa bako pa mustari. Ilikuwa saa ine na nusu. Alisimama. Saa tano. Chef Ngeleka, mukubwa ya biro, alitoka, akapita kusalimia mugeni, akarudi. Saa tano na nusu, Tshiamala aliingia.

"Mulango!" Ngeleka alisema, hajainua kichwa.

Alirudi, akafunga. Mulango ile haishiki muzuri; ilirudi nyuma kidogo.

"Nimesema mulango, Tata. Baridi yote inatoka."

Alisukuma tena. Ndani klima ilikuwa inapuliza baridi kama ya mwezi ya sita. Frigo ilikuwa mu pembe, na kioo mbele: chupa za sukre, soda ya rangi nyekundu na kijani, bière, pombe ya bageni, na chini yabo, mu kasanduku, bichupa bya dawa.

Ngeleka alibamba karatasi, akasoma juu tu. "Insulini. Bon." Haiko mutu mubaya, ata alifungua frigo mwenyewe, akatoa kachupa kamoja, akakaweka pa meza. Akafungua kitabu, akaanza kuandika. Tshiamala aliangalia kale kachupa, kanatoka jasho kidogo-kidogo juu ya meza. Kadogo vile. Inaingia mu kiganja.

Bic ilisimama.

"Ah. Umeandikwa inapte."

"Ndiyo, chef."

"Tangu leo?"

"Tangu saa ine."

Ngeleka alikuna shingo. "Sasa hapa kuko shida, Tata. Bon ni ya mufanyakazi. Mutu ya inapte haiko mufanyakazi tena, iko dosiye. Lazima dosiye yako iende Lubumbashi, irudi. Pale njo nitajua dawa yako inatoka mu magazini gani."

"Chef, ni karatasi moja. Ile yenye inasema nipewe."

"Na ile yenye inasema hauko wetu. Mi sikuandika, ni docta." Alivuta kachupa upande yake, kidogo tu, na kidole moja. "Na buti na helmeti, utarudisha ku magazini. Leo."

"Chef, nina mutoto ku opitali. Mi sitadunga hii. Ni ya mutoto. Saa sita isipite, njo balisema."

"Sasa unaniambia ni ya mutoto? Ni mubaya zaidi! Nilikuwa sijasikia ile."

Tshiamala aliangalia saa ya ukuta. Saa sita kasoro dakika kumi. Kiisha alinyoosha mukono, polepole, kama mutu mwenye anachukua munyu pa meza ya kwake, akabamba kachupa, akasimama.

"Tata! Ile ni wizi. Weka. Weka, nisiite basekirite!"

"Baite."

"Utapoteza ata ile mushahara ya miezi mbili!"

"Nilikuwa nayo lini?"

Telefone yake ililia mu mufuko. Alifikiri ni Mushiya anamusukuma. Aliitika, kachupa mu mukono ya kuume, telefone mu ya kushoto, buti imefungwa pa kwapa.

"Ninakuya! Niko nayo! Mumuambie nina..."

Haikuwa Mushiya. Ilikuwa Jocelyne. Hakusema shemeji. Nyuma yake Tshiamala alisikia sauti ya mwanamuke inapanda, inashuka, inapanda. Hakuijua kama ni ya bibi yake. Haiyalia vile hata siku moja.

"Tata Darlène," Jocelyne alisema. "Ukuye tu polepole. Uangalie mu nzila. Haina haja ya mbio tena."

Telefone ilikatika, ama ye alikata. Mu biro kulikuwa tu sauti ya klima.

Ngeleka alikuwa amesikia. Biro ni ndogo. Alifunga kitabu, akaifungua, akaifunga tena.

"Tata..." Alikohoa. "Beba tu. Beba ile dawa. Nitaandika ilivunjika."

Tshiamala aliangalia ndani ya kiganja. Kachupa kalikuwa kamelowana, mayi inashuka pa bidole byake. Alifikiri chungu ya Mushiya, muchanga, ginsi bibi yake alikuwa anaamuka kila usiku kuitia mayi. Alizunguka meza. Alifungua frigo, akainama, akaweka kachupa mu kasanduku kake, chini ya sukre, akakanyoosha kasimame muzuri. Akafunga frigo.

"Haipende joto," alisema.

Alivua buti ya kushoto. Alizipanga zote mbili mbele ya meza, bidole byabo bikiangalia Ngeleka, helmeti juu yabo. Bandi yake ilikuwa imeanza kupata rangi.

"Tata, uketi kidogo. Nitaomba dereva akupeleke."

Alifungua mulango. Joto ya saa sita ilimupiga mu uso, na bale bantu ya mustari balimuangalia miguu. Nyuma yake baridi ilikuwa inatoka. Aligeuka, akashika kitasa, akavuta mulango, na alipoona inarudi nyuma vile inafanyaka, aliisukuma na bega, mpaka akasikia imeshika.